Dobi Aliyezificha Neema Zake

Ukitaka kumjua mume wangu, muulize hali. Muulize asubuhi, muulize jioni, jibu lake ni lile lile.

"Tunajikongoja tu."

Mume wangu ni dobi. Duka letu liko mbele ya nyumba, sisi tunaishi nyuma. Dukani kuna meza mbili za kupigia pasi, rafu za nguo zilizokunjwa, na kengele ndogo mlangoni. Uani kuna mashine ya kufulia, mabeseni na kamba za kuanikia. Shuka za hoteli tunafua sisi. Makoti ya madaktari tunafua sisi. Gauni la bibi harusi likimwagikiwa chai, anaitwa mume wangu, na doa linatoka.

Lakini mteja akiuliza, "Vipi dobi, kazi inakwendaje?" utamwonea huruma. Atashika kiuno. Atakunja uso.

"Ah, ndugu yangu, hali mbaya. Mashine inakufa. Mgongo ndio huo. Wateja wenyewe wako wapi?"

Na anayasema hayo huku wateja wamepanga foleni hadi nje! Watu wakampa jina. Wanamwita Tunajikongoja. Hata imamu wetu siku moja alijisahau, akamwita hivyo mlangoni pa msikiti. Watu waliangua kicheko, na yeye imamu akacheka kuliko wote.

Sasa usidhani mume wangu ni mtu wa kupenda uongo. Anaogopa jicho la husuda, basi. Amelelewa hivyo. Kwao hawasemi mtoto amenenepa. Hawasemi duka lina wateja. Wanaona ukilitaja jema, watu watalitia jicho na litaharibika. Kwa hiyo kila jema mume wangu alilifunika kwa malalamiko, kama mtu anayefunika chakula nzi wasitue.

Tuna binti mmoja. Tunamwita Kidoti, kwa sababu ya alama nyeusi iliyo shavuni mwake. Alipomaliza shule alisema anataka kazi ya baba yake. Wacha nikwambie, Kidoti anajua kupiga pasi! Kola inasimama yenyewe. Mkono wa shati unanyooka, huoni hata kunyanzi moja. Makoti ya madaktari sasa ni kazi yake, na madaktari wenyewe wanaulizia, "Yule msichana yupo?"

Baba yake anayajua yote haya. Aliwahi kuniambia tukiwa chumbani, tena kwa kunong'ona.

"Mama Kidoti, huyu mtoto mkono wake umenipita."

"Basi mwambie."

"Wee! Nimwambie watu wamtie jicho?"

Na dukani? Mteja akisema, "Dobi, umepata msaidizi mzuri," mume wangu alipunga mkono kama anafukuza mbu.

"Huyu? Huyu ananiongezea kazi tu. Afadhali ningekuwa peke yangu."

Kidoti alikuwa pale pale, meza ya pili. Alisikia kila neno. Aliinamisha kichwa, akaendelea na pasi yake.

Baadaye hali ya mume wangu ikabadilika. Aliacha kula vizuri. Usingizi ukawa wa kugombania. Alisema kifua kizito, kama amewekewa tofali. Zamani akimaliza kusali alikaa kwenye mkeka wake, akavuta uradi, akimtaja Mungu taratibu. Sasa alikuwa anainama na kuinuka kama mtu anayekimbizwa, na akitoa salamu tu, huyo keshaondoka.

Siku moja meneja wa hoteli alitwambia wataendelea kutuletea shuka zao. Alipotoka nilifurahi. "Alhamdulillahi, Baba Kidoti!"

Akanitazama. "Ya nini? Sisi tumekwisha."

Hapo nikaogopa. Kwa sababu mteja hakuwepo. Jirani hakuwepo. Tulikuwa wawili tu, na hakuwa anaigiza. Alikuwa ameyasema mabaya kwa muda mrefu mpaka masikio yake yakaamini.

Wiki ile ile niliingia chumbani kwa Kidoti, nikamkuta anapanga nguo kwenye begi.

"Safari ya wapi hiyo?"

"Kwa shangazi, mama. Amenitafutia kazi kwenye duka la nguo. Jumamosi nitaondoka."

"Na kazi ya hapa?"

"Baba hanihitaji. Anasema mwenyewe, kila siku, mbele za watu."

"Baba yako ana maneno yake, unamjua."

"Mama, nitajie siku moja tu aliyoniambia nimefanya vizuri."

  Sikuwa na siku ya kumtajia. Kidoti alikunja blauzi yake, akaiweka begini juu ya nyingine, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Nilimwendea mume wangu uani. Nilipomwambia, alikaa kitako juu ya rundo la shuka chafu. Hata hakuangalia anakaa wapi.

"Aondoke? Kidoti?"

"Mwambie abaki. Mwambie yale uliyoniambia mimi."

"Maneno hayatoki, Mama Kidoti." Akaweka kiganja kifuani. "Na hapa pananibana."

Nikasema basi, kwanza twende zahanati. Kifua si kitu cha kukalia kimya. Daktari alimpima presha, akamsikiliza moyo, akachukua damu. Majibu yakawa mazuri. Akamuuliza kuhusu usingizi, kuhusu chakula, kuhusu furaha. Mume wangu alijibu kwa shida. Mwisho daktari akasema, "Moyo wako mzima. Lakini una mzigo. Nenda chumba cha pili, ukaonane na mshauri."

"Mshauri wa wagonjwa wa akili? Mimi si mwendawazimu!"

"Nani kasema?" daktari akatabasamu. "Mtu akiumwa jino haitwi mwendawazimu. Na akiumwa na huzuni ni hivyo hivyo."

Basi kumbe mshauri mwenyewe ni jirani yetu! Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mimi na yeye ni kama dada, ndiyo maana mume wangu anamwita shemeji. Amesomea mambo ya saikolojia, na jioni anawafundisha kina mama dini pale msikitini. Chumba chake kina viti vitatu, dirisha, na jagi la maji. Alitukaribisha, akafunga mlango.

"Yatakayosemwa humu yatabaki humu," alisema. "Shemeji, hali?"

"Tunajikongoja."

"Humu hakuna mteja, shemeji. Niambie hali."

 Mume wangu alitazama dirisha, akatazama mikono yake. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Sijui. Nimesema mbaya mpaka naiona mbaya."

Mshauri hakucheka. Alimmiminia maji.

"Akili ya binadamu ina tabia moja," alisema. "Baya inalishika haraka. Jema linateleza. Sisi sote tuko hivyo. Wewe ukiletewa shati jeupe lenye doa moja, unaona nini?"

"Doa."

"Sehemu nyingine yote nyeupe huioni?"

"Nikitazama hiyo nitakula wapi?"

Hapo tulicheka, hata mume wangu mwenyewe.

"Sawa," Mshauri akasema. "Kazini tafuta doa, ndiyo kazi yako. Lakini wewe unatoka na jicho hilo hilo mpaka mezani, mpaka kwenye mkeka wa kusalia, mpaka kwa mwanao. Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Mtu akizoea kila siku kulikumbuka jema lililompata, na kumtaja aliyekuwa sababu, mara nyingi analala vizuri zaidi, na anapatana vizuri zaidi na watu wake. Na kwetu Waislamu hilo si geni. Ndiyo shukrani yenyewe. Moyo unaijua neema, ulimi unaitaja, na viungo vinaitumia kwa wema. Wewe moyo wako unaijua. Mikono yako inafanya kazi. Ulimi ndio umeutia kufuli."

Mume wangu akakunja uso. "Lakini jicho lipo, shemeji. Dini yenyewe imesema."

"Lipo, sikatai. Na dini ilipotwambia lipo, ikatufundisha la kufanya. Ukiona kinachokupendeza, mtaje Mwenyezi Mungu, kiombee baraka. Je, tumefundishwa kumsema vibaya mtoto ili asitiwe jicho?"

Mume wangu alitikisa kichwa.

"Mtume ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu. Kidoti ni mtu, shemeji. Umemshukuru lini?"

Mume wangu alitoa leso, akajifuta uso. Nilimwonea huruma, Mungu ni shahidi yangu.

"Nikimsifu atapata kiburi," alisema.

"Kiburi ni kuona umejipa mwenyewe. Ukimwambia kwamba Mungu amempa mkono mzuri, na anautumia vizuri, kiburi kitatoka wapi? Anajua sasa kwamba ni zawadi, na ana deni la kuitunza."

"Na mgongo wangu? Mgongo unauma kweli. Au nao niseme hauumi?"

"La hasha! Unauma, sema unauma, tuutibu. Kushukuru si kuficha maumivu. Subira nayo si kukaa unateseka kimya kimya. Mtu anaweza kusema Alhamdulillahi na bado akaenda kwa daktari. Na usingizi usiporudi, urudi hapa, usingoje."

Kisha alimpa kazi ya nyumbani. Jioni tukila, kila mtu ataje jema moja la siku ile, na amtaje aliyekuwa sababu. Na baada ya sala asikimbie. Akae. Kila akisema Alhamdulillahi, avute pumzi, na moyoni aone kitu kimoja hasa anachoshukuru.

"Moja sema kwa ajili ya pumzi yako," Mshauri akamwambia. "Moja kwa ajili ya mkeo aliyekuleta hapa. Moja kwa ajili ya Kidoti."

Jioni ile tulikaa kula. Nilieleza utaratibu. Kidoti alinitazama kama nimeanza kuota ndevu.

"Anza wewe, Baba Kidoti," nikasema.

Mume wangu alikohoa. Alisogeza sahani. "Leo... leo mvua haikunyesha."

"Nani sababu?"

"Mungu."

"Sawa. Na mtu?"

"Mtu gani anazuia mvua, Mama Kidoti?"

Kidoti aliuma midomo asicheke. Zamu yake ilipofika alisema, "Mama alinisaidia kukunja shuka." Akainuka kuosha vyombo.

Jioni iliyofuata mume wangu alifikiri mpaka chakula kikaanza kupoa. Mwisho akasema, "Leo sabuni haikuisha katikati ya kazi. Sababu ni Mama Kidoti. Alikumbuka kuagiza mapema. Ahsante."

Jamani! Miaka yote ya ndoa yetu nimeagiza sabuni mimi. Nilikwenda jikoni nikajifanya natafuta chumvi, na chumvi ilikuwa mezani.

Alianza pia kukaa kwenye mkeka wake. Nilimchungulia. Midomo ilikuwa inakwenda taratibu, na mabega yameshuka. Lakini kwa Kidoti neno halikutoka. Kila jioni alimtazama, akafungua mdomo, kisha akataja maji, au kamba, au jua. Begi la Kidoti lilikuwa nyuma ya mlango, limefungwa tayari.

"Nikijaribu, ulimi unaganda," aliniambia. "Naona nikisema tu, litampata jambo."

"Litampata basi la Jumamosi, atapanda gari aende zake."

Ijumaa ilifika. Baada ya sala ya Ijumaa duka lilijaa. Mimi nilikuwa nakunja, mume wangu anapokea, Kidoti yuko na pasi. Akaingia fundi viatu wa duka la jirani. Kila mtu anamjua kwa maneno. Alikuwa ameleta shati lake jeupe la kuvaa harusini, na lilikuwa mezani kwa Kidoti, linanyooshwa.

"Tunajikongoja!" alipaza sauti. "Hali?"

Mume wangu aliinua kichwa. Aliniangalia mimi, akamwangalia Kidoti.

"Alhamdulillahi," alisema. "Hali njema."

Wateja wote wakageuka. Fundi viatu alisogea karibu. "Unaumwa?"

"Siumwi. Kazi ipo, wateja ni watu wema, na nina fundi hodari."

"Fundi gani tena?"

"Huyo hapo." Mume wangu alisema kwa nguvu ili wote wasikie. "Mwanangu. Mashaallah, Mungu ambariki. Mkono wake umenipita mimi baba yake. Nilikuwa namsema vibaya mbele yenu kwa woga tu. Ukweli ni kwamba namhitaji."

Kidoti aligeuka. Alisimama anamtazama baba yake, mkono bado uko juu ya pasi, na pasi bado iko juu ya shati.

Harufu ndiyo iliyotushtua. Kisha moshi.

"Shati langu!" fundi viatu akapiga kelele.

Kidoti akainyanyua pasi. Mgongoni mwa shati kulikuwa na alama ya hudhurungi, umbo la pasi kamili. Tangu aanze kazi Kidoti hakuwahi kuunguza hata leso.

"Mnaona sasa?" fundi viatu alishika kichwa. "Si umemsifu? Hilo ndilo jicho! Hata dakika haijapita!"

 Nilimtazama mume wangu, nikaona uso wa zamani unarudi. Paji la uso likakunjamana. Mkono ukaanza kwenda kiunoni. Kidoti naye alikuwa anamtazama, na nilijua anangoja nini. Anangoja asikie kwamba anaongeza kazi tu.

Mume wangu alivuta pumzi, kama anavyovuta kwenye mkeka. Akaenda ukutani, akazima pasi.

"Ndugu yangu," alimwambia fundi viatu, "pasi ya moto ikiachwa juu ya shati, shati linaungua. Hata ningekuwa namtukana, lingeungua vile vile. Mimi nimemwombea mwanangu baraka. Mengine namwachia Mungu. Na shati ni juu yetu sisi. Nitakununulia jipya, na harusini utavaa langu jeupe. Mimi na wewe miili yetu ni sawa."

Kisha akamgeukia Kidoti.

"Na wewe, nilichokisema sikirudishi. Mkono wako umenipita, Mashaallah. Umeunguza shati moja. Mimi nimeunguza mangapi? Muulize mama yako."

"Alianza na gauni langu la fungate," nikasema. "Mbele na nyuma!"

Wateja walicheka mpaka kengele ya mlangoni ikalia. Hata fundi viatu alicheka, ingawa kwa uchungu. Kidoti alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, anajifuta machozi kwa lile lile shati lililoungua.

"Haya, usililie tena, litaongezeka madoa," baba yake akamwambia.

Jioni tulikaa kula. Hakuna aliyelitaja begi. Zamu ya Kidoti ilipofika aliweka kijiko chini.

"Jema langu la leo," alisema, "nimeunguza shati."

"Nani sababu?" nikauliza.

"Baba."

Mume wangu alicheka mpaka akapaliwa, nami nikampiga mgongoni, ule ule unaomuuma. Kidoti alipoinuka mezani alikwenda chumbani kwake. Nilisikia zipu ya begi ikifunguliwa, na droo za kabati zikivutwa moja baada ya nyingine.

Sasa mume wangu analala. Si kila siku, lakini siku nyingi. Kifua kimekuwa chepesi. Alirudi kwa Mshauri zaidi ya mara moja, na mgongo anafanyiwa mazoezi pale zahanati. Siku akiwa na shida anasema ana shida, na sisi tunamsikiliza. Wateja bado wanamwita Tunajikongoja, jina likishamganda mtu limemganda. Lakini wakimuuliza hali wanajibiwa vizuri, na wengine wameanza kujibu hivyo hivyo.

Juzi simu yake ilipigwa tukiwa dukani. Alikuwa dada yake, yule shangazi. Kazi bado ipo, alisema, na mwenye duka anamngoja Kidoti. Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, ahsante sana," alijibu. "Mimi namhitaji hapa. Lakini yeye ni mtu mzima. Muulize mwenyewe."

Akampa Kidoti simu, akabaki amesimama, leso mkononi. Kidoti kwanza aliisimamisha pasi pembeni, mbali na nguo. Amejifunza.

"Shangazi, shikamoo. Nashukuru, wallahi nashukuru. Lakini siji," alisema. "Huku nahitajiwa."